Dagaa Juu ya Jiwe

Bwana, jana nilikukasirikia.
Nasema wazi, maana hata nikificha
Wewe ndiwe uliyeushona huu moyo,
unajua mshono ulipolegea.

Ndoo kumi na mbili, nilizinunua Kayenze alfajiri
kwa hela ya kikoba, hela yenye riba,
yenye majina ya wanawake wenzangu kwenye daftari.
Nikaanika juu ya lile jiwe la nyuma ya kanisa
ambalo jua hulipiga mpaka huwezi kulikanyaga peku.
Nikapiga magoti pembeni, kanga inanuka shombo,
nikasema: siku moja tu ya jua.
Moja.
Sikuomba ghorofa.

Saa nane mchana ziwa likawa rangi ya sufuria kuukuu.
Upepo ukatoka upande wa Ukerewe.
Tukakimbia na maturubai, mimi, Nkwimba na wanawe,
na mama Masalu na mguu wake mbovu,
lakini mvua ya ziwa haibishi hodi.
Ilishuka.
Dagaa wakaogelea upya,
wakateremka jiweni kwa michirizi ya fedha
kurudi kule walikotoka,
kama waliosamehewa.

Mzee Lugendo wa kanisa akapita na mwavuli.
"Mungu ana makusudi yake," akasema.
Nikamjibu: "Basi mwambie Alhamisi aje na makusudi hayo,
tuyahesabu mbele ya mweka hazina."
Nisamehe kwa hilo.
Au usinisamehe haraka, nilimaanisha.

Jioni simu ikalia. Holo, mdogo wangu, yuko Misungwi.
Hakunisalimu. Alikuwa analia na kucheka pamoja:
"Dada, imenyesha! Mpunga ulishaanza kukunja majani.
Nilifunga siku tatu, dada. Siku tatu!"
Nami nikashika simu, maji yanatiririka kwenye nywele,
nikakosa la kusema.
Tumbo moja lilituzaa, mlango mmoja tuliubisha,
yeye kwa mvua, mimi kwa jua,
saa ileile.
Nikamwambia, "Hongera, Holo."
Lilitoka kwa shida, kama mwiba wa sato kooni.
Lakini lilitoka.

Usiku haukuwa na mwezi. Sikulala.
Nilikaa mlangoni nikitazama taa za wavuvi
zilivyojipanga kule mbali, mji usio na barabara.
Mwanangu Sayi yumo humo, kwenye taa mojawapo, sijui ipi.
Siku moja nilimuuliza kama haogopi giza lote lile.
Akasema: "Mama, taa haituonyeshi Bukoba.
Inatuonyesha maji ya hapa tu, upana wa ungo.
Na humo humo ndimo dagaa wanamokuja."

Upana wa ungo, Bwana.
Mimi nilikuwa nataka unimulikie mpaka Desemba,
ada ya Kwandu, bati la jikoni, na uzee wangu.

Asubuhi nimekwangua jiwe kwa mikono.
Zimebaki ndoo mbili na nusu za kuuza kwa watu;
zilizovunda kidogo amezichukua yule kijana wa Igoma
anayesaga chakula cha kuku, kwa bei ya kunionea.
Nkwimba ameniletea ndoo moja ya kwake, akaitua,
akaondoka kabla sijafungua mdomo.
Sijui kama huyo alikuwa Nkwimba au ulikuwa Wewe.
Alikuwa amevaa ndala za Nkwimba.

Alhamisi bado. Hesabu haijatimia.
Sijaona njia, nimeona jiwe,
na jiwe limeanza kupata joto.

Basi leo sikuchagulii hali ya hewa.
Mkumbuke Holo na mpunga wake.
Nikumbuke na mimi, kwa namna utakayoona.
Naanika.

Turubai nimelikunja hapa karibu na mguu wangu.
Usilichukulie vibaya.